Wakili Aliyemwambia Kanini Hajaolewa

Watu wa Kiritiri wakikuelekeza kwa Kanini hawakutajii jina la hoteli yake, kwa sababu haina jina. Wanakuambia ushuke hadi soko la mbuzi, ufuate harufu ya supu, na ukisikia mwanamke akimwambia mteja kwamba mdomo wake ni mkubwa kuliko mfuko wake, basi umefika. Ndivyo Mwongera alivyofika siku ya kwanza. Alikuwa dereva wa lori, mzaliwa wa Githongo, kule juu Meru kwenye kahawa na baridi, naye alikuwa ameteremka Mbeere kubeba mchanga. Aliagiza supu, akaionja, kisha akauliza kwa upole kama mbuzi alikuwa ameingia ndani ya sufuria au alikuwa amepita karibu nayo tu.

Kanini alishika upawa. Katika miaka yote ya kuuza supu, hakuna aliyewahi kumtukania chakula kwa adabu namna ile. Alimwongezea nyama. Tangu siku hiyo Mwongera akawa anakuja kubeba mchanga hata katika misimu ambayo huko kwao hakuna mtu aliyekuwa akijenga.

Mapenzi yalianzia hapo, na yangefika kwenye harusi ya kawaida yenye pilau na mahubiri marefu, lakini Mwongera akapata kazi ya kuendesha malori Kanada. Alipoondoka aliahidi kwamba atamchukua Kanini. Alikuwa mtu wa kutimiza ahadi. Hakuwa mtu wa kufikiri sana kabla ya kuzitimiza. Mwaka wa tatu, akiwa bado hukohuko kwenye theluji, alipiga simu akasema wamechelewa vya kutosha, waoane mara moja, yeye atahudhuria kwa video.

"Kwa nini usije?" Kanini alimuuliza.

"Nikija watanimaliza," akasema Mwongera.

Alikuwa anazungumzia kamati. Huko Githongo, mtu akienda ng'ambo huwa si wake mwenyewe tena; anakuwa mali ya umma, kama barabara. Kulikuwa na kamati ya paa la kanisa, kamati ya basi la shule, kamati ya kwaya iliyotaka sare mpya, na nyingine ambayo hakuna aliyejua ilianzishwa kwa ajili ya nini, ila ilikuwa na mwenyekiti na mweka hazina. Zote zilikuwa zimeapa kumtembelea Mwongera siku atakayokanyaga nyumbani. Naye, mtu aliyevuka milima ya barafu na trela lenye magurudumu yasiyohesabika, aliogopa wazee wale kuliko dhoruba.

Basi harusi ikafanyika kwa simu. Misheck, mdogo wake Mwongera, alivaa suti akasimama kando ya bibi harusi, ameinua simu juu mbele ya kifua chake. Mchungaji aliuliza swali, simu ikajibu. Ilipofika mahali pa kuapa kuwa pamoja katika shida na raha, mtandao ukapotea kwenye shida, ukarudi raha ikiwa imeshapita, na mchungaji akaona asirudie kwa sababu mvua ilikuwa inakuja. Misheck alimvisha Kanini pete huku simu ameibana chini ya kidevu. Watu wakapiga vigelegele, wakala, wakapiga picha. Katika picha hizo zote Kanini anaonekana amevaa nyeupe, anatabasamu, amesimama karibu kabisa na Misheck. Mwongera ni kitu kidogo cheusi, mfano wa kipande cha sabuni.

Miezi michache baadaye Mwongera alianza mpango wa kumdhamini mke wake. Alitafuta wakili wa uhamiaji katika mji anaoishi, akampigia. Alikuwa ameambiwa kwamba mawakili wa kule hulipwa kwa dakika, lakini mtu aliyelelewa vizuri hawezi kuanza mazungumzo na shida yake mwenyewe. Alimuuliza wakili kuhusu afya yake. Akamuuliza kuhusu watoto, na kama wazazi wake wangali hai, na hali ya hewa huko ofisini. Wakili, ambaye pengine hakuwahi kuulizwa habari za mama yake na mteja, alijibu kila swali kwa furaha na kwa kirefu. Walipofika kwenye ndoa, muda aliolipia Mwongera ulikuwa umebaki wa sentensi moja tu, na sentensi yenyewe ilikuwa kwamba ndoa ambayo bwana harusi hayupo mwenyewe chumbani, Kanada haiitambui.

Mwongera alimpigia Kanini akiwa na huzuni mara mbili, ya ndoa na ya pesa.

"Hukumsikia vizuri," Kanini alimwambia. "Kiingereza cha huko kinapita puani. Niachie mimi. Nitatafuta wakili huku nyumbani, mwenye bei ya mtu na masikio ya mtu."

Alianzia Embu, kwa mshauri wa mambo ya ng'ambo ambaye bango lake lilikuwa na ndege, jani la Kanada na Mnara wa Paris. Mshauri alikuwa kijana mwenye tai, shavu moja limejaa muguka, yale majani ya kutafuna. Kanini alieleza habari ya harusi ya simu. Kabla hajafika kwenye pete, kijana alikuwa ameshainua mkono.

"Hakuna shida, mathe. Hiyo tunafanya kila wiki."

Kanini alitoka pale amefurahi. Alikuwa amefika stendi, amenunua ndizi, ameanza kuimenya, ndipo furaha ikaanza kumpungukia. Alikuwa amenunua mbuzi maisha yake yote. Alijua kwamba mwenye mbuzi mgonjwa ndiye anayekujibu haraka. Ukimuuliza mnyama anakula vizuri, atasema anakula vizuri kabla hujamaliza kuuliza. Mwenye mbuzi mzima hujikuna kichwa, akasema huyu anapenda kuruka ua.

Kwa hiyo alipofika kwa wakala wa pili, huko Meru mjini, aliamua kumfungua mdomo amwone meno. Huyu alikuwa mwanamume wa makamo, mnene, mwenye sauti ya mtu anayetangaza matokeo. Alimkaribisha Kanini kwa soda na akamwomba aeleze kila kitu bila kuficha.

"Harusi yetu ilikuwa na tatizo kidogo," akasema Kanini. "Bwana harusi hakuwepo."

"Hakuna shida."

"Hata kwenye simu hakuwepo. Mtandao ulikataa. Tukatumia koti lake."

Wakala alikohoa kidogo. "Koti?"

"Tulilitundika kwenye kiti. Mchungaji akaliuliza kama linanikubali."

Mwanamume yule alitazama dari, akafikiri, akateremsha macho. "Mama, koti lenyewe mnalo bado?"

"Tunalo."

"Basi hakuna shida. Hiyo ni ndoa kwa uwakilishi. Tuna huduma yake maalumu, ila inapanda bei kidogo."

Kanini alimaliza soda yake yote kwa sababu ilikuwa ya bure, akaaga kwa heshima, akateremka ngazi akijishikilia mbavu. Lakini alipofika barabarani kicheko kilimwisha. Kama watu hawa walikuwa waongo, basi sentensi ile ya wakili wa Mwongera huenda ilikuwa kweli, na yeye Kanini alikuwa amevaa nyeupe bure mbele ya watu wa Githongo.

Alimpigia Misheck, akamwambia yuko Meru na amechoka na wezi wanaomwita mara mathe, mara mama.

"Shemeji, jaribu wakili wangu," akasema Misheck. "Lorna Mukiri. Ndiye aliyesimamia kesi yangu ya mpaka wa shamba."

"Ile uliyoshindwa?"

"Nilishindwa, ndiyo. Lakini aliniambia siku ya kwanza kwamba nitashindwa. Mimi ndiye niliyekataa kusikia."

Kanini aliona hiyo ni sifa kubwa kuliko cheti chochote ukutani.

Ofisi ya Lorna Mukiri ilikuwa hapohapo Meru mjini, juu ya duka la dawa za mifugo, na harufu ya dawa ya kuoshea ng'ombe ilipanda hadi kwenye meza yake. Alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka thelathini na kitu, viatu amevivua chini ya meza. Kanini alimwanzia na koti, kwa mazoea.

Lorna alicheka mpaka akatoa kitambaa akajifuta macho. Kisha akasema, "Sasa tuanze upya, mama. Niambie ya kweli."

Kanini akamwambia ya kweli, na simu, na Misheck, na kidevu. Alionyesha picha. Lorna alizitazama moja moja bila haraka.

"Mtu akiziona hizi atasema umeolewa na Misheck," akasema. "Nianze na mabaya. Kwa Kanada, wewe hujaolewa. Huyo wakili alimwambia mume wako ukweli. Na mimi, nikuambie mapema, siruhusiwi kukusimamia mbele ya uhamiaji wa kule kwa malipo. Huko mnahitaji mtu mwenye leseni yao. Ninachoweza ni kusafisha upande wa huku, ili atakayewasaidia kule apate kazi nyepesi, na kazi nyepesi ni bei nyepesi. Umewahi kuolewa kabla ya hapo?"

Kanini alitazama viatu vya Lorna chini ya meza. 

"Kidogo," akasema.

Kidogo hicho kiliitwa Nthiga. Kanini alikuwa na miaka ishirini alipoolewa naye kwa desturi, mbuzi wakaletwa kwa baba yake, wazee wakanywa. Ndoa ilidumu misimu michache. Waliachana bila vita. Hakukuwa na mtoto, na wote wawili walikuwa watu wa kuongea kwa wakati mmoja. Kanini alirudi kwao na sufuria yake. Nthiga alibaki na mizinga yake ya nyuki, na baadaye akaoa mke mwingine. Lakini mbuzi hawakurudishwa kamwe, na kila akipita sokoni Nthiga alipenda kuwaambia watu, akielekeza kidole kwenye hoteli isiyo na jina, kwamba yule ni mke wake wa kwanza, ameenda tu kutembea.

Lorna aliandika, akaweka kalamu chini. "Kwa hiyo mambo yako ni hivi. Una mume usiyemtaka na unayemtaka si mume wako."

"Siwezi kuapa tu kwamba sikuwahi kuolewa? Haikuandikwa mahali."

"Wengi wanaapa. Halafu mtu mmoja aliyekosana na wewe kwa sababu ya deni la supu anaandika sentensi moja kwa ubalozi, na mlango unafungwa miaka mitano. Wewe una maadui?"

Kanini aliwafikiria wateja wake. "Tufuate njia ya ukweli," akasema.

Ndipo wakafika kwenye bei. Lorna alitaja bei yake ya kesi nzima, na Kanini akashika kichwa kwa mikono miwili, ishara ambayo sokoni humtoa muuzaji jasho. Lorna hakutoka jasho. Alieleza kwamba si lazima kununua mbuzi mzima. Kanini angeweza kununua mguu: Lorna angeandika ombi la talaka na kusimama mahakamani siku moja, lakini kumtafuta Nthiga, kumshawishi, kukusanya mashahidi na picha na risiti, hayo yote Kanini angeyafanya kwa miguu yake mwenyewe. Akamwambia pia jinsi ya kupunguza gharama upande wa pili. Mwongera atafute kliniki ya sheria inayosaidia wageni, na aombe wakili akague tu makaratasi waliyojaza wenyewe. "Na mwambie asimsalimie sana," akaongeza.

"Na harusi?"

"Harusi ni rahisi kuliko yote. Aje."

Mwongera alipoambiwa kwa simu kwamba suluhisho la kisheria ni yeye kupanda ndege, alisingizia mtandao, akaomba aambiwe tena. "Hakuna dawa nyingine?" akauliza hatimaye. Hakukuwa na nyingine.

Lakini kwanza Nthiga. Kanini alimchukua mama yake, Ciakuthii, mwanamke mzee aliyekuwa na kumbukumbu ya kila mnyama aliyewahi kuingia boma lake, wakaenda siku ya Jumamosi. Nyumba ya Nthiga ilikuwa ng'ambo ya korongo kavu, mizinga ikining'inia kwenye miti ya migunga. Mkewe, Veronicah, aliwaletea chai kisha akakaa mlangoni akichambua ndengu.

Nthiga alifurahi sana kuwaona. Alisikiliza habari ya talaka akitikisa kichwa kwa hekima, halafu akatoa sharti lake.

"Sina ubaya na mtu. Nirudishiwe mbuzi wangu. Na watoto wao. Na wajukuu wao. Ni miaka mingi, mama, wale mbuzi sasa ni kundi."

Ciakuthii aliweka kikombe chini. "Mbuzi gani mwanangu? Wa kwanza ulimleta akikohoa, hakuona Krismasi. Wa pili na wa tatu tulichinja siku ileile, na kichwa kimoja ulikula wewe. Na yule mweupe ulikuja kumwazima apande mbuzi wako, na hukumrudisha mpaka leo. Tukihesabu wajukuu, wewe ndiye una kundi letu."

Nthiga aliongeza sukari kwenye chai yake. Akasema basi atafikiria, pengine mwakani, mambo ya desturi hayataki haraka. Alikuwa anapenda kuombwa, mtu angeona hivyo usoni pake. Kanini alianza kukata tamaa.

Wakati wa kuondoka, Veronicah aliwasindikiza mpaka korongoni na sinia yake ya ndengu mkononi.

"Dada," akamwambia Kanini kwa sauti ndogo, "huko kortini, ukishaachwa, mimi nabaki nani?"

"Unabaki mke. Peke yako. Hata cheti mnaweza kwenda kuandikisha."

Veronicah aligeuka akaitazama nyumba. "Miaka kumi na tatu," akasema, "nimekuwa mke wa pili wa mtu mwenye mke mmoja. Kila nikikosa chumvi kwenye mboga naambiwa wa kwanza hakuwa hivyo. Niambie tu siku ya kesi ni lini."

"Supu yangu ilikuwa na chumvi nyingi mno," Kanini alimwambia. "Alikuwa akilalamika kila siku."

"Najua alikuwa akilalamika," akasema Veronicah. "Namjua."

Tangu hapo wanawake wale wawili wakawa wanapigiana simu, na Nthiga akawa hapati raha nyumbani mwake. Uji ulichelewa. Ndengu zilikuja bila kitunguu. Alipouliza, Veronicah alijibu kwamba mambo ya jikoni nayo hayataki haraka. Kabla mvua ya kupandia ndengu haijaanza, Nthiga alikuwa ametia kidole gumba kwenye karatasi za Lorna, pamoja na saini, kwa usalama. Upande wa desturi ulimalizwa kwa mbuzi mmoja, mbele ya wazee, ishara ya kurudisha. Kanini ndiye aliyemchagua. Alikuwa dume mzuri wa kutazama, mwenye tabia ya kula nguo kwenye kamba, na Veronicah alikuwa ameonywa mapema aanike mbali.

Mahakamani Siakago, hakimu alimuuliza Nthiga kama ndoa ile ilikuwa imevunjika kiasi cha kutotengenezeka. Nthiga aliyekuwa amevaa koti la harusi za watu alisimama wima. Aliona ukumbi una watu, akavuta pumzi, akaanza kusema kwamba kwa mila za Ambeere, ndoa ni kama mzinga. Nyuma yake Veronicah akakohoa mara moja.

"Imevunjika, mheshimiwa," akasema Nthiga, akakaa.

Amri ya talaka ilipotoka, Kanini alikwenda nayo mpaka Meru kumwonyesha Lorna, ingawa Lorna ndiye aliyempa. Alikuwa na furaha na alitaka kumwonyesha mtu. Lorna alimpa chai, akamwambia abaki na neno moja la mwisho, ambalo hatalitoza. Wale maofisa wa visa hawatazami cheti peke yake. Wanataka kuona kwamba watu wanawajua ninyi ni mume na mke, kwamba harusi si siri ya watu wanne ofisini.

Hapo ndipo Kanini alipopata wazo lake, na hakumwambia mtu yeyote isipokuwa Misheck na Veronicah.

Mwongera alikuja mwezi wa Agosti, kwa kuibia. Alimwambia Kanini asitangaze. Alitua Nairobi, hakugeuza hata shingo kuelekea Meru kwao, akafikia Kiritiri amevaa kofia pana na miwani ya jua, na kwa kuwa alikuwa amenenepa na kuwa mweupe kidogo usoni, watu sokoni walidhani ni mtu wa shirika la misaada wakaanza kumweleza matatizo yao. Kanini alimkalisha nyuma ya hoteli. Walitazamana kwanza bila kushikana. Miaka minne waligombana kwenye simu kuhusu bei ya mkaa na nani amesahau kupiga, na sasa Kanini alikuwa akimpima kwa macho kama mbuzi wa sokoni.

"Umezeeka," akasema mwishoni.

"Na wewe umekonda," Mwongera akasema. Kisha akashika mkono wake na hakuuachia hata sufuria ilipochemka ikamwagika.

Walifunga ndoa katika ofisi ya msajili Embu siku za notisi zilipokwisha, Mwongera akiwa hapo kwa mwili wake wote. Aliposema nakubali, alisema kwa sauti ya kuweza kusikika mpaka ubalozini. Baada ya hapo alidhani watakwenda kula kuku mahali tulivu. Kanini alimwambia kuna chakula kidogo kimeandaliwa kanisani Githongo, watu wachache, mama mkwe tu na majirani.

Mwongera alipoingia uwanja wa kanisa alisimama. Zote zilikuwepo. Kamati ya paa ilikuwa imeketi chini ya paa lenyewe, kamati ya basi nyuma yake, kwaya imevaa sare za zamani kwa makusudi. Mwenyekiti wa kamati isiyojulikana alikuwa amevaa beji. Mwongera aligeuka atafute gari, akakuta Misheck ameegesha lori nyuma yake.

"Umeniuza," alimnong'oneza mke wake.

"Subiri," akasema Kanini.

Watu walikula. Picha zikapigwa, na safari hii Misheck alifukuzwa kila alipokaribia. Baada ya chakula, mwenyekiti wa kamati ya paa alisimama, akasafisha koo, akafungua karatasi. Kanini alisimama mbele yake.

"Kabla ya mzee kuongea," akasema, "nina tangazo. Nyinyi ni watu wa kujenga, kila mtu anajua. Hakuna aliyewahi kuja kwenu na jambo akarudi mikono mitupu. Sasa mimi ni mke wenu, na nina safari ya kumfuata mtoto wenu, na ombi la kunipeleka lina malipo yake. Nimeunda kamati. Mwenyekiti ni mimi. Mweka hazina ni huyu dada yangu kutoka Mbeere."

Veronicah akainuka na beseni.

"Naomba wenyeviti waanze," akasema Kanini, "ili sisi wanafunzi tujifunze."

Wenyeviti wakatazamana kama watu wanaojua wamekamatwa. Mwenyekiti wa paa alitazama karatasi yake, akatazama umati, ambao ulikuwa umeanza kumpigia makofi. Uwanja ulikuwa umejaa watu aliowahi kuwaita kwa majina mbele ya kanisa watoe. Alitia mkono mfukoni. Wa basi akamfuata, kwa shingo upande, na baada yake kwaya, ambayo ilianza kuimba ili kazi ipendeze, na watu wakacheka sana hivi kwamba walitoa zaidi ya walivyokusudia. Nthiga naye, ambaye alikuwa amekuja kwa sababu hakuna aliyemkataza, alitoa chupa ya asali na akatangaza kwamba alikuwa akimsaidia dada yake.

Jambo ambalo Kanini hakulitarajia lilitokea baadaye, watu wakitawanyika. Mwongera alikuwa amesimama kando na mabega juu, akingoja kuombwa, na wazee walikuja mmoja mmoja. Hawakuomba. Mmoja alimuuliza kama ni kweli kule barabara ina theluji kuliko urefu wa mtu. Mwingine alimwambia kwamba yeye ndiye aliyemfundisha baba yake Mwongera kupogoa kahawa. Mwenyekiti wa paa alimshika mkono akasema, "Tulidhani umetukasirikia."  Siku ya pili Mwongera alikwenda mwenyewe kununua mabati ya upande mmoja wa paa, na alipanda ngazi akayapigilia, vibaya kidogo.

Ombi lilitumwa kabla ya mwaka kuisha. Wakili wa kliniki kule Kanada alikagua makaratasi kwa malipo ambayo hayakumtoa Mwongera machozi, na akashauri wasiifiche harusi ya simu bali waieleze yote, pamoja na Misheck na kidevu. Kuhusu ushahidi wa mapenzi, walipeleka mazungumzo yao ya simu ya miaka minne. Kanini alikuwa anaona haya, kwa kuwa karibu yote yalikuwa ugomvi. Lorna aliyasoma akamtuliza.

"Watu wa ndoa ya uongo huandikiana mashairi," akasema. "Hakuna tapeli anayeweza kugombana kwa wiki mbili kuhusu blanketi la kununuliwa huko Kanada."

Jibu lilikuja mwaka uliofuata, mwezi wa Oktoba, Kanini akiwa sokoni anabishana na muuza mbuzi. Alilisoma, akaweka simu kwenye aproni, akamaliza kubishana, akamshusha yule mtu bei, ndipo akakaa juu ya gunia la mkaa akalia. Muuza mbuzi aliogopa akampunguzia tena.

Alitua Kanada usiku wa theluji, kitenge kichwani na koti la Misheck mwilini. Mwongera alimngoja na blanketi lile la ugomvi. Nyumba yake ilikuwa ghorofa ya pili, katika jengo ambalo amekaa miaka bila kujua jina la mtu hata mmoja, kwa sababu huko, alimweleza kwenye gari, watu hawapendi kusumbuliwa. Asubuhi Mwongera aliamka akakuta kitanda kitupu. Alimkuta mke wake kwenye korido, amemshika mkono mzee wa mlango wa tatu, anamuuliza kwa Kiingereza cha Kiritiri habari za mama yake, na mzee amefungua mlango wote anamweleza.